Dhahabu Amerudi Bila Wewe

Junda, Kisauni,
Mombasa.
Jumapili, 16 Februari 2025.

Mpendwa ndugu yangu Winfred,

Salamu nyingi zikufikie huko Kanada kwenye baridi. Hujambo? Mumeo hajambo? Na ile theluji, bado mnaichota mlangoni kwa sepetu kama ulivyotusimulia? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Joto la mwezi huu halisemeki. Maji ya mfereji huja yakitaka, na yasipotaka tunanunua ya mkokoteni.

Mama hajambo kidogo. Presha imetulia, miguu inamvimba jioni tu. Macho ndiyo yamekwisha. Lile la kushoto, lililokuwa likiona mwangaza wa mlango, tangu Oktoba haliuoni tena, na daktari akasema kilichokwenda hakirudi. Nilikutumia habari hizo, ukanijibu kwa kijipicha cha mikono inayoomba. Basi mimi ndiye ninayemshika mkono kwenda msalani, ninayemsomea Zaburi, ninayemwambia kidonge hiki cha asubuhi na hiki cha jioni. Mimi ndiye macho yake. Hilo litie akilini kabla hujaendelea kusoma.

Utashangaa kwa nini nakuandikia karatasi kama tuko darasa la sita. Mwenzangu, nimepiga simu hupokei. Nimetuma sauti, alama inabaki moja ile ile tangu katikati ya Januari. Anwani nimeitoa nyuma ya bahasha ya kadi ya harusi yako. Tena maneno haya sitaki uyafute kwa kidole ukiwa umekaa kwenye kochi.

Hebu nikuulize. Unalikumbuka bati la biskuti? Lile jekundu lenye picha ya farasi, tulilolisukuma chini ya kitanda kule Chaani? Bado ninalo. Ndani mna kokoto zetu za mdako, mna ile pia aliyotuchongea binamu yetu Katana kwa mti wa mpera, isiyozunguka bila kuanguka upande mmoja. Mna gololi yako ya buluu uliyomlaghai mtoto wa jirani. Mume wangu Mwarandu hunicheka, ati mama mzima na takataka za watoto. Namwambia wewe hujui, hizi si zangu peke yangu.

Lakini aliyekuwa na cheo humo ndani ni Dhahabu. Mamangu alipofariki, nami hata meno ya utotoni hayajaning'oka, mamako ndiye aliyekuja kunichukua akanileta kwenu. Nililia siku ngapi sijui. Akachukua kipande cha hando la bibi yetu Dhahabu, ile sketi ya marinda waliyovaa wazee wetu wa kike, akakikata, akakishona, akakijaza sufi, akatutengenezea mtoto wa bandia. Jicho moja akatia kifungo cha sare yako ya shule, chenye matundu manne. La pili akatia kifungo cha gauni langu nililokuja nalo, chenye matundu mawili. Akatuambia, huyu ni mtoto wenu nyote wawili, na ni somo wa bibi yenu, ana jina lake na nguo yake. Hapigwi, hatupwi, hasemeshwi ovyo.

Nasi tukafuata. Kila asubuhi kabla ya uji, "Shikamoo Dhahabu." Mmoja anasalimu, mwingine anaitikia kwa sauti ya kizee, "Marahaba wajukuu zangu." Siku ile tulipogombana ukanitupia Dhahabu usoni, mama alitupigisha magoti sote wawili tukamwomba radhi kitambaa! Tulikuwa tunalia huku tunacheka. Sema umesahau, nami nitajua unasema uongo.

Ulipokwenda chuo ulisema, "Nyamvula, nitunzie Dhahabu." Ulipokwenda Nairobi ulisema hivyo hivyo, na ulipopanda ndege pia. Nikamtunza. Tulipohama Chaani kuja huku Junda nilimbeba kifuani, sikumtia na masufuria. Mvua ilipoingia ndani mwaka ule wa mafuriko, kitu cha kwanza kupanda juu ya kabati kilikuwa bati lile, cheti changu cha ndoa kikalowa chini.

Haya. Mwezi wa kumi na moja ukapiga simu mwenyewe, bila kuombwa. Ukasema Desemba unakuja. Ukauliza, "Dhahabu bado yupo?" Winfred, nilitia simu sikioni mwa mama ili akusikie ukiuliza. Alicheka mpaka akakohoa. Siku ile ile akaniambia nimtoe ndani ya bati. Akamfua kwa mkono wake, akamwanika, akamfungua mgongo na kumtia sufi mpya. Akamshonea gauni kwa pembe ya ile leso uliyomletea mara ya mwisho, kwa kupapasa tu. Sindano ilimchoma vidole, nikitaka kumsaidia ananikemea, ati kazi ya bibi na mjukuu isiingiliwe.

Halafu akaja Katana na teksi yake, siku chache kabla ya Krismasi. Akasema umefika, lakini ni safari ya kikazi, ya siku mbili tu, uko hotelini Nyali na huna hata nafasi ya kupumua. Akasema umemwagiza Dhahabu. Mama akamwuliza, "Kutoka Nyali kuja hapa Junda, mwendo wa nusu saa?" Katana akajikuna kichwa. Mama akajichangamsha, akamtia Dhahabu kwenye kikapu na kashata za nazi juu. Akamwambia Katana, "Mpe. Mwambie mtu akitoka safari huingia kwao kwanza, akavua viatu akanywa maji ya mtungini. Huyu atamkumbusha njia."

Jogoo alikuwa amefungwa mguu tangu tuliposikia unakuja. Mama alikataa achinjwe Krismasi, akasema huenda kazi imezidi siku mbili na bado uko Nyali. Mwaka mpya pia akakataa. Mwisho alichinjwa siku ya kawaida tu, tukamla na sima, kila mtu anaangalia sahani yake.

Sasa nikujulishe kwa Milcah. Ni jirani yetu wa mlango wa tatu, mtu wa bara, amehamia hapa Novemba. Anafanya usafi wa vyumba katika hoteli moja huko Nyali, na ana binti anaitwa Valarie, anaingia darasa la kwanza. Mtoto mchangamfu, anamwita mama "shosho", yaani bibi kwa lugha ya kwao, na mama anapenda. Katikati ya Januari natoka Kongowea kwenye kibanda changu cha ndizi, kichwa kinaniuma kwa jua, namkuta Valarie ameketi kizingitini kwao anambembeleza mtoto. Nikapita. Nikarudi nyuma. Gauni la leso, jicho la matundu manne, jicho la matundu mawili.

Nilidhani umeibiwa. Haki ya Mungu, hilo ndilo lililonijia kwanza, nikaona uchungu kwa ajili yako! Nikamwita Milcah nje kwa ukali. Maskini, akaapa. "Ai, Mama, mimi siibi. Si ni mgeni alinipatia kwa mkono wake. Na hapo geti huwezi pita na kitu, lazima mgeni apigie mlinzi simu aseme amekupa." Akanieleza mgeni mwenyewe. Mama mweusi mrembo, mume mzungu, na marafiki zao wawili. Walikaa wiki mbili nzima, Krismasi na mwaka mpya. Siku ya kuondoka sanduku lilikuwa limejaa, akamkabidhi Milcah yule mtoto wa bandia mbele ya wenzake. Akasema ni kitu tu alichonunua kwa wachuuzi wa ufukweni.

Nikaingia ndani nikaleta picha yako ya mahafali. Nikamwuliza, ndiye huyu? Milcah akaziba mdomo kwa mkono.

Kitu tu. Wachuuzi wa ufukweni. Winfred, ungemtupa baharini ningesema umekasirika. Ungemwacha chini ya kitanda ningesema umesahau, wewe tangu zamani msahaulifu. Lakini kumkana! Mdomo wako uliokuwa ukisema shikamoo kila asubuhi ndio uliomwita bidhaa! Na kashata za mama mlizila, au nazo zilikuwa za wachuuzi?

Katana nilimbana siku ya pili yake. Kwanza aliruka, kisha akasema. Kumbe ni yeye aliyewaendesha wiki zote mbili, mpaka Malindi mlikwenda na kurudi, na kila mara mnapita barabara kuu, kona ya Junda mnaiona. Alisema ulimwomba anyamaze. Alisema hukutaka wenzako waone choo cha nje. Choo chenyewe, nikukumbushe, ulikitumia miezi saba ulipokuwa unangoja viza, na hukufa.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mimi siku hizi sina hakika nalo.

Hata hivyo nilinyamaza. Nilimwomba Milcah amfungie Dhahabu ndani, mama asije akamgusa. Milcah alitaka kumrudisha, nikakataa, ningemweleza mama ametoka wapi? Nilitaka kuongea na wewe kwanza. Ndipo nilipoanza kukupigia, nawe ukaanza kutopokea. Nadhani Katana alikwisha kukutonya.

Jumapili ya mwisho ya Januari, tumetoka kanisani, mimi niko jikoni nimekalia mbuzi nakuna nazi. Mama yuko mkekani barazani anachambua mboga ya mtsunga. Mara nasikia anaita, na sauti ile sijaisikia miaka, sauti ya Chaani.

"Nyamvula! Nyamvula we! Winfred ameingia?"

Nikatoka mbio na machicha mikononi. Valarie amesimama mdomo wazi, amemtoroka mamake kuja kumwonyesha shosho mtoto wake. Na mama amemkumbatia Dhahabu kifuani, vidole vyake viko kwenye macho, anahesabu matundu. Manne. Mawili. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi. Dhahabu alipelekwa kwako, Dhahabu yuko hapa, basi nawe uko hapa.

Laiti ungeuona uso wake. Mimi niliuona, na ulimi ukanitoroka. Nikasema, "Abee mama. Ameingia. Amechoka na safari, nimemlaza chumbani."

Sijui nilitaka kufanya nini baada ya hapo. Labda nilidhani nitapata dakika moja ya kukupigia, na safari hii utapokea.

Mama akainuka bila kunishika mkono. Akapapasa ukuta mpaka kwenye pazia la chumba chetu cha pili, akaagiza kiti, akakaa mlangoni na Dhahabu mapajani. Akamwambia Valarie asipige kelele. Akamtuma Mwarandu akaombe jirani azime redio. Kila aliyepita na kuamkia, "Hujambo Mama Winfred," maana mtaa mzima wanamwita hivyo, yeye anaweka kidole mdomoni na kusema kwa kunong'ona, "Mwenyewe amelala ndani." Akaniambia nipike wali wa nazi, nikaange na samaki, ngozi iwe kavu unavyopenda. Nami nikapika! Nilikaanga samaki wa mtu asiyekuwepo, machozi yanaingia kwenye mafuta. Mwarandu aliniangalia, akachukua shati lake akaondoka.

Mchana kutwa alikulinda usingizi wako. Nikimwambia mama njoo ule, anasema atakula nawe.

Adhana ya magharibi ilipoita akasema, "Sasa mwamshe, chakula kinapoa." Nikasimama pale kama nguzo. Akasema tena. Basi akanyanyuka mwenyewe, akasukuma pazia, akakipapasa kitanda kuanzia kwenye mto wa kulalia, polepole, mpaka miguuni. Shuka imenyooka. Akarudi akapapasa tena upande wa ukutani.

Nikamwambia yote. Hoteli, Milcah, wiki mbili, wachuuzi. Nilipiga magoti kama siku ile ya Chaani. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu.

"Mchana umeniambia amelala. Sasa unaniambia hakuja. Nitajuaje lipi la kweli?"

Akasema, "Mwanangu Winfred hawezi kusema Dhahabu amenunuliwa. Mimi namjua, nimemzaa. Ninyi ndio mmemficha, wewe na Katana. Alikuja mpaka mlangoni hapa mkamrudisha kwa kuwa mimi sioni."

Hayo ndiyo anayoamini mpaka leo, Winfred. Kwamba ulikuja mbio kwa mamako, nikakufukuza. Mimi! Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hili umelichuma wewe na ninalila mimi peke yangu, asubuhi na jioni. Nimeudhika nawe mpaka nashindwa kulitaja jina lako bila sauti kukatika. Kinachonichoma zaidi, ukitaka kujua, ni kwamba kati ya neno lako usilolisema na neno langu la miaka yote hii, mama amechagua lako.

Na sasa haniamini jambo lolote. Nikimwambia jua limetua, anamwuliza Valarie. Nikimpa kidonge, anamwita Valarie aje aseme ni cheupe au ni cha manjano, ndipo akimeze. Nikimsomea Zaburi ananisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza wageni. Juzi nilimwambia nimemwekea chai mkono wa kulia, akasubiri. Mtoto alipotoka shuleni akamwambia "shosho, chai hii hapa," ndipo akainywa, imekwisha kupoa. Leo ni Valarie. Kesho Milcah akihama na mtoto wake, mama atameza dawa kwa neno la nani?

Dhahabu, mama amempa Valarie awe wake. Milcah alikataa mara mbili, mama akasisitiza, kwa sharti kwamba ataamkiwa kila asubuhi. Basi huyo mtoto wa bara sasa tunamsikia mapema, "Shikamoo Dhahabu," na mama kutoka kitandani kwake anaitikia marahaba. Mimi niko jikoni nawasha jiko, siitikii.

Sikuombi kitu cha dukani. Sikuombi hata uje, ingawa njia unaijua. Nakuomba umpigie mama. Piga kwa simu ya Milcah, nambari nimeiandika nyuma ya karatasi hii, maana ikilia yangu mkononi mwangu atadhani nimekupanga. Mwambie kwa mdomo wako: nilikuja, sikuingia, Nyamvula hakunificha. Maneno hayo matatu tu. Najua yatamuumiza. Lakini yeye ana haki ya kuumizwa na ukweli wako, mimi nimechoka kuwa uongo wake.

Mwarandu anakusalimu, ijapokuwa aliniambia nisiandike hivyo. Milcah anaona haya kukuletea salamu. Katana haji tena hapa, mkiwasiliana mwambie kikapu cha mama akirudishe. Nisalimie mumeo, yeye hana kosa, hajui hata kama ana mkwe anayemsubiri. Mungu akufikishe salama kila uendako, na siku moja akufikishe na kwenu.

Nilisahau kukuambia. Nilipokaa kuanza barua hii, mama alisikia kalamu ikikwaruza, akauliza nafanya nini. Nikamjibu, "Namwandikia Winfred." Akamwita Valarie aje atazame. Valarie akachungulia begani kwangu, akasema, "Ni kweli shosho, anaandika." Mama akamwuliza, "Ameandika nini?" Mtoto akasema bado hajui kusoma. Mama akageuza uso ukutani.

Ni mimi ndugu yako, niliyekutunzia kila ulichoniachia,

Nyamvula